Kompyuta Kwenye Kamba ya Nguo

Aling Tinang alipoitumbukiza bodi ya kompyuta kwenye beseni la kufulia, Rommel alishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyeibiwa.

"Aling Tinang, unafanya nini? Imeshalowa mafuriko, sasa unaizamisha tena?"

"Mafuriko yalikuwa na matope," alisema Aling Tinang bila kuinua uso. "Haya ni maji safi. Nishikie hii."

Akampa feni ndogo ya ndani ya mashine, imejaa tope. Rommel akaishika kwa vidole viwili, mbali na shati lake.

Tulikuwa kama watu ishirini tumesimama kando ya uzio wake, kila mmoja na fagio au koleo mkononi, maana mto ulikuwa umerudi kwenye kingo zake juzi tu na mtaa mzima wa Tabing-Ilog ulikuwa ukitoa tope ndani ya nyumba. Lakini nani angeendelea kufagia wakati mfua nguo anaifua kompyuta? Na kompyuta yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya jirani yake Mang Berong, kiongozi wa bendi ya mianzi, aliyekaa pale uani kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia ukimtetemeka juu ya goti. Alikuwa hajasema neno tangu afike. Kwa wanaomjua Mang Berong, hilo lilitisha kuliko mafuriko.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na nyimbo zake zote. Kila tarehe kumi na sita Agosti, alfajiri, bendi yetu hupita na tarumbeta za mianzi ikiuamsha mtaa kwa sikukuu ya Mtakatifu Roko. Nyimbo nyingine mzee alizipokea kwa baba yake kwa sikio, nyingine alizitunga mwenyewe, na zote alizichapa humo, noti baada ya noti, kwa miaka. Wapigaji wa zamani waliozijua kwa moyo wamekwisha kufa. Wa sasa wanasoma karatasi, na karatasi zilikuwa zimegeuka uji ndani ya kabati. Miaka miwili nyuma kiharusi kilimpokonya mkono wa kulia. Asingeweza kuziandika upya, na alijua hivyo, na sisi tulijua kwamba anajua. Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi.

Ajabu ni kwamba wawili hawa hawakuwa wakipatana. Uzio mmoja wa mabati ndio uliowatenganisha. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Aling Tinang hukaa kwenye kigoda chake, akaweka nguo nzito juu ya jiwe na kuipiga kwa rungu bapa la mbao: mara mbili upesi, kimya kidogo akiigeuza nguo, kisha mara moja kwa nguvu. Na saa hiyo hiyo, upande wa pili, kabla ya kiharusi, Mang Berong alikuwa akikaa kuandika muziki. Alimpigia kelele juu ya uzio. Alimwandikia barua. Mwaka mmoja alimpeleka mbele ya kapteni, kiongozi wa mtaa, naye Aling Tinang akajibu kwa adabu zote, "Kapteni, nguo hazijui noti." Kapteni akacheka, kesi ikaishia hapo, chuki ikabaki palepale.

Mambo ya kompyuta Aling Tinang hakufundishwa na mtu. Miaka kumi na moja iliyopita, daktari wa meno anayemfulia alimpa mashine iliyokufa akaiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kabla ya kuiuza aliifungua kwa kisu cha siagi, atazame tu, akakuta mjusi amekaukia juu ya bodi. Akamtoa mjusi. Mashine ikawaka. Mjane wa miaka arobaini na saba aliyeishia darasa la sita alikaa mbele ya kioo kile akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na ugonjwa ule haukumwacha tena. Jumapili, wenzake wakienda kucheza bingo, yeye na bisibisi yake. Akaokota mabovu, akatoa hiki hapa akatia pale, akapata kompyuta tatu zake mwenyewe zilizowaka kama mpya. Watu wakaanza kumletea zao. Hakutoza.

"Nikichukua hela yako nitakuwa nimechukua na haraka yako," alikuwa akisema. "Hii ni raha yangu. Raha haikimbizwi."

Si kwamba hakuwahi kuharibu. Dada yake aliwahi kumtumia kompyuta kutoka California, ndani ya lile sanduku kubwa ambalo ndugu zetu walioko nje hutuma nyumbani, pamoja na chokoleti, nyama ya kopo na sabuni. Umeme wa kule ni nusu ya wa kwetu, na nyuma ya mashine pana kiswichi chekundu cha kuchagulia. Hakuna nyumba Tabing-Ilog ambayo haijawahi kuunguza kitu cha Amerika kwa kusahau jambo hilo. Lakini yeye alikuwa amealika majirani na kupika tambi sufuria nzima. Akachomeka. Pum! Moshi ukapanda mpaka kwenye picha ya Bikira Maria. Mwaka mzima watoto walimwita Aling Pum, yaani Mama Pum.

"Tafadhali usije ukatulipulia na hii," Rommel alisema sasa. Rommel ndiye mpiga ngoma wa bendi. Sokoni alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, mpaka mto ulipokichukua. "Mimi, umeme ukirudi, ningeikausha kwa hewa ya moto nusu saa, tukajaribu, basi."

"Wewe unatengeneza simu, kaka. Simu ina mwenyewe anayesubiri mlangoni. Hii inasubiriwa na Mtakatifu Roko. Yeye ana subira."

Watu wakacheka. Mang Berong hakucheka.

Kibetri cha duara, kile kama sarafu, alikuwa amekitoa kabla ya kitu kingine chochote. Sasa aliisugua bodi kwa mswaki wa mtoto na povu la sabuni ya vyombo, akienda upande mmoja tu, taratibu, kama anayesugua kola ya shati la bwana harusi. Akasuuza mara tatu. Suuza ya mwisho hakutumia maji ya bomba, maana maji ya bomba huacha chumvi. Alifungua galoni ya maji ya kunywa. Tukaitazama galoni ile ikimwagika, sisi tuliokuwa tukipanga foleni kwa ajili ya maji hayo hayo, na hakuna aliyethubutu kuguna. Mwisho akaimiminia spiriti ya kunawia mikono.

"Bado pafyumu," alisema Rommel.

Kisha akaichukua diski, lile kasha la chuma lililobeba nyimbo zenyewe. Mang Berong, kama sisi wote, alikuwa ameipandisha kompyuta juu ya meza, na meza juu ya mabenchi, na maji yakaifuata huko huko. Mstari wa tope ulipita ubavuni mwa diski. Juu yake pana kitundu cha kupumulia, hakizidi tundu la sindano. Aling Tinang aliisogeza karibu na macho, akaigeuza kwenye mwanga, akaigeuza tena. Mstari uliishia unene wa ukucha chini ya kitundu.

"Haikunywa," alisema.

"Una hakika?" Lilikuwa neno la kwanza la Mang Berong siku ile.

"Tope halisemi uongo, mzee. Limefika hapa. Hapa halikufika."

Akafungua skrubu ndogo sita, akaitoa bodi ndogo ya chini ya diski, akaisafisha, akafuta midomo yake ya shaba kwa raba ya penseli. Kisha akaianika bodi kubwa kwenye kamba, kivulini, kwa vibanio viwili, kati ya foronya na suruali ya daktari wa meno.

Mtu mmoja akauliza, "Na zako je?"

Kompyuta zake tatu zilikuwa zimepangwa kando ya mlango, zimejaa tope mpaka juu, kwa sababu nyumba yake iko chini kuliko ya mzee. Alichowahi kuokoa ni kopo la biskuti lenye vipuri na kisanduku kimoja cha kuipa mashine umeme, alivyovifunga darini kwa kamba kabla maji hayajaingia.

"Zangu hazina sikukuu," alisema, akamwaga maji machafu.

Mvua ikanyesha siku mbili, jua likatoka kwa vipindi. Aling Tinang aliingiza bodi ndani, akaitoa, akaiingiza, akaitoa, huku akifua nguo za tope za nusu ya mtaa. Kila asubuhi Mang Berong alikuja kukaa kwenye kiti kile cha plastiki.

"Tayari?"

"Bado."

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote. Aling Tinang alipotaka kujua kama bodi imekauka, hakutumia mkono. Mkono wa dobi umezoea maji, hauhisi tena. Huiweka nguo shavuni: ikiwa bado na unyevu, shavu huhisi ubaridi. Hivyo ndivyo alivyofanya na bodi. Aliiweka shavuni, akafumba macho, akaihamisha kidogo, na waliopita njiani wakadhani ametiwa wazimu na mafuriko.

Tarehe kumi na tatu, saa kumi jioni, umeme ukarudi. Mtaa mzima ukapiga ukelele kwa pamoja, kama kawaida yetu, redio zikalia, watu wakakimbilia swichi. Rommel aliruka uzio, nyuma yake wapigaji saba wa bendi, na Mang Berong akazunguka mlangoni na fimbo yake.

"Leo ndiyo leo!" alisema Rommel. "Iko wapi plagi?"

Bodi ilikuwa mezani, inang'aa kama sahani ya wageni. Rommel akaipitisha kidole. "Kavu. Tazameni. Kavu kama dagaa."

Aling Tinang akaichukua, akaiweka shavuni. Tukangoja. "Bado," alisema.

"Aling Tinang, kuna siku mbili tu. Lazima tuchape karatasi, lazima tufanye mazoezi, wengine hata hawajui..."

"Nimesema bado. Hapa katikati kuna baridi."

Rommel aliunyakua waya wa umeme. Aling Tinang, mwanamke wa kimo cha mtoto wa shule, akaukalia. Aliukalia kweli, juu ya kigoda chake, plagi ikiwa chini ya sketi yake, na wapigaji wanane wa tarumbeta na ngoma wakabaki wakitazamana.

Ndipo Mang Berong alipolipuka. "Maisha yangu yamo humo!" alipaza sauti, na fimbo ikagonga sakafu. "Nyimbo za baba yangu! Na wewe unazipima kwa shavu! Wewe ni dobi! Unajua nini wewe?"

 Nilimtazama Aling Tinang nikaona macho yamemlowa, nami nikaona aibu kwa niaba yetu sote, maana kuna mengi mtu anaweza kumwambia jirani, lakini si hilo, si mbele ya watu, si baada ya galoni ile.

"Ni dobi," alisema. "Ndiyo maana najua kitu kibichi."

Bila kuinuka, akavuta bodi mapajani. Akafyatua kitanzi cha chuma kilichobana kile kipande cha mraba ambacho ndicho ubongo wa mashine, akakinyanyua, akachomeka ncha ya kitambaa cheupe chini yake. Kitambaa kikatoka na doa la maji, dogo kama punje ya dengu.

Rommel aliinama akalitazama. Uso ukambadilika. "Hilo lingetosha," alisema polepole. "Hilo lingeunguza kila kitu, mpaka diski."

Mang Berong alilitazama doa lile. Hakuomba radhi, sidhani kama aliwahi kumwomba mtu radhi maishani mwake. Aligeuka akaondoka, fimbo yake ikagonga mpaka ikapotea. Tulifikiri amekasirika. Baada ya dakika chache akarudi, fimbo ameiacha, amekumbatia kwa mkono wa kushoto feni yake ya mezani, feni pekee iliyookoka nyumbani kwake. Akaiweka mbele ya bodi, akachomeka, akaielekeza vizuri.

"Kasi ya kwanza," alisema Aling Tinang. "Ya tatu itarusha vumbi."

Mzee akabonyeza kasi ya kwanza.

Asubuhi ya tarehe kumi na nne, shavu likakubali. Aling Tinang aliunganisha kila kitu juu ya meza, bila kasha, waya zikiwa nje, kioo kimeazimwa ofisi ya parokia. Kisanduku cha umeme kilikuwa kile alichokifunga darini, chenye kiswichi chekundu nyuma. Kabla ya kuchomeka aliinama kukitazama. Rommel naye akainama. Na wapigaji wote wakainama, na mimi mwenyewe nikajikuta nimeinama, tunasoma namba moja pamoja.

"Ni ya kwetu," alisema Rommel.

"Ni ya kwetu," tukaitikia kama kanisani.

Akachomeka. Kisha akasogea kando. "Bonyeza wewe, mzee. Kidude hicho hapo. Mkono wowote."

Mang Berong alinyoosha mkono wa kulia. Ulitetemeka, ukakosa, ukakosa tena, na hakuna aliyemsaidia. Mara ya tatu ukapata. Feni ndogo ikazunguka. Kimya. Kisha mlio mmoja mfupi, "ti!", na Aling Tinang, aliyekuwa ameegemeza sikio karibu na diski, akaachia pumzi.

"Inazunguka," alisema. "Haikwaruzi. Inazunguka vizuri."

Kioo kikawaka. Nyimbo zikajipanga, jina chini ya jina, na Mang Berong akafunika uso kwa mkono wake mzima. Wapigaji walipiga kelele kuliko siku umeme uliporudi. Aling Tinang hakupiga kelele. Aliitazama bodi ile ikifanya kazi, taa yake ndogo ya kijani, kwa uso ule ule niliousikia ukisimuliwa tangu siku ya mjusi.

Rommel ndiye aliyekuwa akihesabu. "Thelathini na mbili? Mzee, wewe unasema siku zote thelathini na moja."

"Chapa hizo thelathini na moja."

"Lakini kuna huu hapa. 'Jirani, Saa Kumi na Mbili.' Wa miaka mitano iliyopita." Alikwisha kuufungua. Akasogeza midomo akisoma, vidole vyake vikaanza kugonga meza: mara mbili upesi, kimya. Mara mbili upesi, kimya. Tarumbeta ziliandikwa zikizunguka mapigo hayo kama watoto wanaomzunguka mama yao. "Hapa pana pengo, mzee. Pigo la tatu halipo. Ukurasa mzima, pigo la tatu halipo."

Aling Tinang alikuwa akikunja waya. Mikono ikasimama.

"Sikupata chombo cha kulipiga," alisema Mang Berong, akitazama ukutani. "Nilijaribu mianzi yote. Sauti nyembamba."

"Kwa hiyo zile barua zote," alisema Aling Tinang. "Na kapteni. Na kunipigia kelele juu ya uzio."

"Kelele ni kelele," mzee alijibu kwa ukali. "Nilikuwa na haki ya kulalamika."

"Tulifute pengo?" aliuliza Rommel. "Niweke ngoma tu hapo?"

"Liguse uone," alisema mzee.

Walifanya mazoezi siku mbili, kutwa, kwenye ghorofa ya parokia ambako maji hayakufika. Aling Tinang hakwenda kusikiliza. Alikuwa na mablanketi ya mtaa mzima, na kando ya mlango, kompyuta yake ya kwanza ilikuwa imeshafunguliwa, beseni liko chini yake.

Alfajiri ya tarehe kumi na sita bendi ilishuka barabarani, mitaro bado ina tope, sanamu ya Mtakatifu Roko na mbwa wake imefungwa juu ya toroli kwa kuwa gari la parokia lilizama. Walipiga nyimbo za baba yake Mang Berong, kisha zake. Watu walitoka milangoni na nguo za kulalia. Kulikuwa kumeanza kupambazuka walipofika kwenye lango la Aling Tinang, na Mang Berong, aliyekuwa mbele na fimbo yake, akainua mkono. Bendi ikasimama.

Aling Tinang alikuwa kwenye kigoda, blanketi zito liko juu ya jiwe, rungu mkononi. Kazi yake ilikuwa imekwisha kuanza siku hiyo kama siku zote. Aliinua uso akaona watu wote wale juu ya uzio wake, na tarumbeta zimeelekezwa kwake.

Rommel akapiga ngoma mara mbili, upesi.

Kisha hakuna aliyepiga chochote. Tarumbeta zilikuwa midomoni, zikingoja. Mkono wa Mang Berong ulikuwa bado juu, unatetemeka, haushuki. Aling Tinang alitazama mkono ule, akalitazama blanketi, maji yakimtiririka kwenye viwiko, na polepole akalinyanyua rungu juu ya bega.